Redio Niliyoibeba Kutoka Nakuru Hadi Suswa

Tangu nirudi Njoro mmekuwa mkinijia mmoja mmoja, huyu barazani, yule msikitini, mkiuliza kwa nini siku hizi mimi Shabani nikiona mtu anaweka betri ya tochi karibu na moto naruka kama niliyekanyaga siafu. Nimechoka kusimulia vipande vipande. Nimeandika yote hapa, mpeane mkono kwa mkono, na asiyejua kusoma asomewe. Habari za vibali na mihuri nitaziruka, maana mnajua wenyewe mtu anavyosafiri siku hizi za Hali ya Hatari.

Kambini

Mimi ni mpishi na mtunza stoo wa kikosi cha wachimba visima. Tulikuwa watu tisa, tumepiga hema chini ya mlima Suswa, mahali ambapo vumbi linaingia hata ndani ya yai lisilopasuliwa. Nyapara wetu ni Kiprotich, Mkipsigisi mpole asiyepandisha sauti hata akikanyagwa na punda. Kati yetu alikuwepo shemeji yangu Wekesa, mume wa dada yangu Rukia, ambaye nyote mlikula pilau ya harusi yake. Kazi yake ni kutangulia. Kila tukihama, yeye anaondoka na punda wawili alfajiri, anapiga hema mahali papya na kutafuta kuni, ili mitambo ikifika ikute chai.

Sasa shida ilikuwa hii. Serikali inafunga maeneo ili kuwasaka wapiganaji wa msituni. Leo bonde liko wazi, kesho limefungwa, na atakayeonekana ndani baada ya saa iliyotajwa anapigwa risasi kabla ya kuulizwa jina. Barua ya onyo ililetwa na mjumbe wa chifu kwa miguu, na miguu ya mjumbe ilikuwa na mapumziko mengi. Mwezi uliotangulia tulikuwa ndani ya eneo lililofungwa tangu jana yake, hatuna habari. Nilikuwa nimeinama kuongeza chumvi, risasi ikatoboa sufuria yangu kubwa ya wali. Wanaume wazima tisa tulilala kifudifudi kwenye majivu tukipiga kelele kwamba sisi ni watu wa maji.

Baada ya hapo Kiprotich alimwambia bwana mwenye kazi kwamba bila redio hatuchimbi tena. Redio husoma maeneo hayo kwa Kiswahili kila siku saa saba mchana, baada ya habari. Bwana akanitazama mimi.

"Wewe ni mtu ya mji," akasema. "Nenda Nakuru, chagua ile inafaa kambi."

Ilikuwa Jumatano. Jumamosi alfajiri Wekesa angetangulia kwenda Korongo la Fisi, mwendo wa saa tatu kutoka pale. Niliahidi kurudi Ijumaa, tusikilize redio kwanza, ndipo aende.

"Usipofika, shemeji, mimi nitaenda tu," Wekesa akaniambia huku akicheka. "Punda hawajui kalenda."

"Utanisubiri. Nilimwapia Rukia kwamba nitakurudisha na viungo vyako vyote."

"Basi kimbia."

Nakuru

Nilifika Nakuru jioni ile ile, nikalala kwa ami yangu, na Alhamisi asubuhi nilikuwa wa kwanza mlangoni kwa Bwana Kanji, mwenye duka la baiskeli, taa na redio. Aliweka redio tatu juu ya meza, akazipangusa kwa kitambaa kana kwamba ni watoto wanaopelekwa shule.

Ya kwanza ilikuwa kubwa, inatumia betri ya gari. Nikauliza betri ikiisha nani ataichaji kule Suswa, fisi? Tukaiweka kando. Ya pili ilikuwa nyekundu, ndogo, nzuri hata mimi niliitamani. Nikauliza betri zake zinapatikana Naivasha. Bwana Kanji akaangalia dari. Basi nikajua hazipatikani. Ya tatu ilikuwa sanduku la rangi ya tope, lina mpini na kifuniko kama begi la karani, na nyuma mna betri mbili kavu zilizovikwa karatasi ngumu, moja pana kama tofali na nyingine ndogo. Hizo zinauzwa Gilgil na hata Naivasha. Aliifungulia, mtu akaimba mpaka wapita njia wakasimama.

"Hii iko mzuri sana," Bwana Kanji akasema. "Wewe nakwenda porini, yeye naimba tu."

Nilikuwa karibu kukubali. Halafu nikaona waya mwembamba unatoka nyuma ya redio, unapanda ukutani, unapotelea kwenye bati.

"Na huu waya?"

"Hiyo waya ya duka. Wacha yeye."

"Suswa hakuna duka, Bwana Kanji. Utoe."

Alikataa, nikang'ang'ania. Mnanijua nikishika jambo. Mwisho aliuchomoa kwa hasira, na yule mwimbaji akanyamaza kama aliyezibwa mdomo. Nikalibeba lile sanduku mpaka nje, mbali na bati, nikaliweka juu ya jiwe karibu na reli. Kimya. Kelele ya kukaanga tu. Bwana Kanji alinifuata akiapa kwamba asubuhi ilikuwa nzima, mimi nikaiinua kwa pupa nigeuke nimrudishie, na nilipogeuka nayo, ikasema. Nikasimama. Nikageuka tena, ikanyamaza. Nikarudi nilipokuwa, ikasema.

"Ndiyo, ndiyo," akasema Bwana Kanji, sasa amepoa. "Yeye iko na sikio moja upande. Wewe geuza pole pole mpaka nasikia. Na sikiliza saa ya habari tu, funga. Betri si ng'ombe, hapana zaa."

Nilijiona fundi. Nataka mkumbuke hilo, kwamba nilitoka Nakuru najiona fundi.

Mlima wa Kariandusi

Nilipata lori la Mutua, Mkamba aliyebeba nguzo za uzio kuelekea Nairobi. Kiti cha mbele kilikuwa na wenyewe, nikapanda juu ya nguzo na redio mapajani, chini ya turubai lililokuwa na matundu mengi kuliko turubai. Gilgil haijaonekana, mvua ikatushukia. Si mvua ya kunyunyiza, ni ile ya bonde inayokuja na upepo. Nililalia redio kwa tumbo langu. Kwenye mlima wa Kariandusi magurudumu ya nyuma yakaingia kwenye tope, Mutua akakanyaga mafuta, tukazidi kuzama.

"Leo ni hapa," akasema. "Kesho trekta ya machimbo itatuvuta."

"Mimi nina ahadi Ijumaa!"

"Ambia tope."

Karibu na barabara kuna nyumba za wafanyakazi wanaochimba ule udongo mweupe. Mama mmoja, Mama Atieno, alituona tumesimama mvuani akatuita. Mumewe alikuwa zamu. Kila kitu ndani kilikuwa na vumbi jeupe, masufuria, blanketi, hata paka. Alitupa ugali wa moto na mboga ya kunde, nikala kama mtu aliyetoka jela. Nyumba ilipendeza, lakini mimi roho yangu haikuwa pale, nilikuwa nahesabu saa.

Niliifungua redio kwa nyuma. Maji yalikuwa yameingia. Ile betri pana ilikuwa imelowa, karatasi yake imevimba. Sasa nyinyi mnajua tunavyofanya sote na betri za tochi zikichoka. Tunazianika juani, na kama hakuna jua tunazisogeza jikoni, nazo zinapata nguvu ya siku mbili tatu. Marehemu mama alifanya hivyo, jirani zangu wote wanafanya hivyo. Nikazitoa betri zote mbili nikazipanga kando ya mafiga.

Mama Atieno aliniangalia. "Baba, hapo si karibu sana? Hiyo ni kubwa, si ya tochi."

"Mama, mambo ya betri niachie mimi. Nimetoka nazo dukani leo."

"Haya," akasema, akaendelea kuchambua mboga zake.

Nililala. Asubuhi karatasi ilikuwa imekauka vizuri sana. Pembeni mwa ile kubwa palikuwa na lami nyeusi imetiririka mpaka sakafuni, imeganda. Ile lami ndiyo inayoziba betri isikauke ndani, lakini nani aliniambia? Nilizirudisha mahali pake, nikafungulia, nikageuza kama nilivyofundishwa. Sauti ilikuja, lakini ilikuwa ya mtu anayeongea akiwa ndani ya pipa. Mama Atieno hakusema neno, na mpaka leo namshukuru kwa hilo. Nilimwambia Mutua ni mlima unaozuia, na pesa ya betri nyingine sikuwa nayo.

Mai Mahiu

Trekta ilikuja saa nne, si saa moja kama Mutua alivyotarajia. Naivasha tulisimama tena kupakua nguzo za mtu mmoja aliyezikataa kwamba zimepinda, wakabishana mpaka jua likapita utosini. Nilitaka kuzibeba mwenyewe. Tulifika Mai Mahiu alasiri, na pale kwenye kizuizi cha barabara, chini kabisa ya mteremko, sajini mmoja akanyoosha fimbo yake kuelekea sanduku langu.

"Hii nini?"

"Redio, afande."

"Ya kuongea na nani?"

"Si ya kuongea. Ni ya kusikiliza."

"Wewe unaenda kichakani peke yako na mashini ya waya, unaniambia kusikiliza? Shuka."

Lori likaondoka. Mutua alinipungia mkono kwa huruma. Nilimwonyesha sajini karatasi ya bwana, akaisoma, akasema karatasi inasema redio, haisemi redio ya namna gani. Akaamuru niifungulie. Ikaanza kunong'ona. Sajini akainama, akaweka mdomo kwenye kitambaa cha spika, akanguruma:

"Nyinyi mko wapi? Semeni! Tumeshika mtu yenu!"

Redio ikaendelea na habari za bei ya mahindi.

"Anajificha," akasema askari mwingine.

"Iacheni wazi," sajini akasema. "Atachoka, atajibu."

Nilimsihi afunge. Nilimweleza kwamba betri itaisha, kwamba kuna mtu anaitegemea, kwamba kesho alfajiri shemeji yangu anaondoka. Kadiri nilivyosihi ndivyo alivyozidi kuamini kuna siri. Iliachwa wazi jioni nzima na usiku kucha, askari mmoja ameketi mbele yake na daftari kuandika majibu. Walinipa mahindi na maharagwe kwenye bakuli, chakula kizuri kwa kweli, lakini nilikila macho yako kwenye redio. Nilikuwa nikisikia ile sauti inapungua, nikajua kila neno linalotoka mle ni neno ambalo kambi haitalisikia. Nasema bila haya, nililia.

Jumamosi asubuhi sajini alikuja akatazama daftari. Lilikuwa na bei ya mahindi, bei ya maziwa, na taarabu moja iliyoandikwa nusu. Alifunga redio mwenyewe.

"Kumbe hii inasema tu, haisikii," akasema. "Kama bwana wetu. Haya, nenda."

Mai Mahiu hadi kambini

Wekesa alikuwa tayari njiani. Nilijua hivyo jua likichomoza. Nilitembea na lile sanduku kichwani, nikilibadilisha begani, mgongoni, kichwani tena. Hakukuwa na gari. Mmasai mmoja na ng'ombe wake alinipa maziwa kwenye kibuyu, nikanywa bila kukaa. Aliniuliza nimebeba nini, nikamwambia ni redio. Akaniuliza inasema nini, nikamwambia hata mimi nakimbilia kujua.

Nilifika kambini jua la utosi, karibu saa saba. Hema zilikuwa zimeshushwa nusu. Nilimwona Kiprotich, na sikusalimu.

"Wekesa yuko wapi?"

"Ametangulia tangu alfajiri," Kiprotich akasema. "Tulikungoja jana mpaka giza. Bwana amekwenda Nairobi na gari, amesema tuhame leo. Mimi nilimwambia Wekesa asubiri. Alisema wewe umeshikwa na pilau ya Nakuru."

Nikaweka redio juu ya sanduku la vyuma, nikafungulia. Hakuna kitu. Nikaweka sikio kwenye kitambaa. Kulikuwa na kitu, mbali sana, kama nzi ndani ya chupa. Nikawaambia wote wanyamaze, na wakanyamaza, hata yule wa mitambo ambaye hanyamazi usingizini. Mmoja alikwenda kumshika punda mdomo. Nikaanza kugeuza, pole pole, kidogo kidogo. Kiprotich alipiga magoti upande wa pili, sikio lake likagusa langu.

Nilipofika upande mmoja, nzi akawa mtu. Tukasikia jina la wilaya. Tukasikia, "upande wa kusini wa barabara ya murram," yaani ile ya changarawe tunayoivuka kwenda korongoni. Tukasikia, "pamoja na Korongo la Fisi, kuanzia saa kumi na mbili jioni ya leo." Halafu, "atakayeonekana humo," na redio ikafa. Nilizungusha kitufe, nikapiga sanduku kofi, nikaligeuza pande zote nne. Imekufa.

Nilimtazama Kiprotich, nikitumaini atasema kitu kingine.

"Korongo la Fisi," akasema.

Korongo la Fisi

Tulikwenda wawili, mimi na Kiprotich, mbio pale penye tambarare na mwendo wa haraka pale penye mawe. Saa tatu za punda tulizifanya mbili na kitu. Miguu yangu ilikuwa inatoka damu, na njia nzima nilikuwa naona uso wa Rukia akiniuliza swali moja tu, kwamba ulichelewa kwa nini. Nitamjibu nini? Kwamba nilikausha betri?

Tulimkuta Wekesa ameketi kwenye kivuli cha hema. Amepiga hema mbili, zimenyooka, kamba zimekazwa, na birika liko motoni. Moshi wake ulikuwa unapanda mrefu, mweupe, unaonekana kutoka kilima chochote.

"Shemeji!" akaita. "Redio iko wapi? Njoo uniimbie."

"Inuka twende. Hapa pamefungwa leo jioni."

"Kunywa chai kwanza, umechoka. Nani kafunga?"

"Wekesa, inuka!"

"Na hema za bwana? Niziache nisimulie nini?"

Nilipiga birika teke. Chai ikamwagika kwenye moto, mvuke ukapanda, punda wakaruka. Hajawahi kuniona hivyo, wala mimi sijawahi kujiona. Nilimshika ukosi wa shati na nikamwambia kwamba nimeua redio kwa ujinga wangu, na kwamba sina nguvu ya kuua mtu pia. Akamtazama Kiprotich.

Kiprotich akasema kwa sauti yake ile ile, "Mimi pia nimesikia kwa sikio yangu. Hema itabaki. Wewe hapana baki."

Tuliziacha hema zimesimama, tukachukua punda. Barabara ya murram ilikuwa mbali kuliko nilivyokumbuka. Jua lilikuwa limegusa mlima tulipoiona, na juu yake gari la askari limesimama, bunduki zinatazama upande wetu. Tuliinua mikono tukiwa bado mbali, tukaenda hivyo, punda wakitufuata wenyewe. Hakuna aliyetuambia tusimame. Hakuna aliyetuambia twende. Nilikuwa nahesabu hatua kwa sauti bila kujijua, Wekesa akaniambia ninyamaze.

Tulipovuka, ofisa mmoja alitazama saa yake ya mkononi.

"Imebaki kidogo tu," akasema. "Nyinyi ni watu ya visima? Nani aliwaambia? Barua yenu bado."

"Redio, bwana," Kiprotich akasema.

Kabla hatujafika mbali tulisikia mlio wa kwanza nyuma yetu, ukitoka upande wa korongo. Baadaye tulipopewa ruhusa ya kwenda kuchukua vitu, turubai za zile hema mbili zilikuwa zimetobolewa usawa wa mtu aliyeketi.

Njia nzima ya kurudi Wekesa hakunitania hata mara moja. Heri angenitania.

Betri mpya zilitoka Naivasha, na redio inafanya kazi mpaka leo. Nikiulizwa ushauri nasema hivi: itoe dukani, ichomoe waya, igeuze, uliza betri zake zinauzwa wapi, na zikilowa zipeleke kwenye upepo, si kwenye moto. Rukia, kama nawe umesomewa haya, sasa unajua kwa nini nilikuletea gunia la viazi bila sababu.

Barua ya onyo ilifika Jumanne, siku tatu baada ya hema kutobolewa. Mjumbe wa chifu aliketi, akanywa maji, akaitoa kwenye mfuko wa shati ikiwa imekunjwa mara nne. Ilitaka kila mtu aweke dole gumba kuonyesha kwamba ameonywa mapema asiingie Korongo la Fisi. Wekesa ndiye aliyetangulia, kama kawaida yake. Aliweka dole, akaitazama ile alama mpaka wino ukakauka, kisha akasogea kando ili na mimi niweke langu.